Mzee mmoja, wanafunzi watano, na swali lililoulizwa mara tano

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi katika chuo cha afya hapa mkoani Mtwara, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi fildi kwenye kijiji kimoja cha Newala tukawachanganya: wa uuguzi, wa uafisa tabibu, wa famasia, wa maabara na wa ustawi wa jamii, watano watano kwa kila nyumba yenye mzee. Tulitaka wajifunze kuhudumia wazee kwa pamoja. Nilipopita kukagua nilimkuta bibi mmoja amechoka kabisa. Akaniambia, "Mwanangu, hawa watoto wako kila mmoja ananiuliza nina miaka mingapi." Kila mwanafunzi alikuwa na fomu ya idara yake. Presha ilipimwa mara tatu. Mwishoni nikapokea ripoti tano za mtu mmoja, na hazifanani. Sasa mkuu wangu anasema turudi kwenye utaratibu wa zamani, kila kada na siku yake. Moyo wangu unakataa, ila sijui nianzie wapi kurekebisha. Na huyu mwanafunzi wa maabara nimpe kazi gani? Mwaka jana alikaa tu.

JIBU

Marahaba, mwalimu. Nakusihi usikubali kurudi kwenye kila kada na siku yake. Ukirudi huko, yule bibi ataulizwa umri wake mara tano zile zile, tofauti ni kwamba zitasambazwa kwa siku tano na wewe hutakuwepo kuona anavyochoka. Ubaya huo ulikuwepo tangu zamani. Mwaka jana ulikusanyika asubuhi moja kwenye uwanja mmoja, ndiyo maana ukauona.

Mimi ni muuguzi kwa taaluma, na nimefundisha wanafunzi wa afya huku kusini miaka mingi. Kosa mlilofanya nimelifanya pia, na nilichotokea kujifunza nilijifunza kwenye nyumba moja tu. Sitataja kijiji wala jina, ila ni uwanda huo huo wa Wamakonde unaoujua wewe, wenye mchanga mwekundu na shida ya maji.

Alikuwa bibi mwembamba, anaishi na mjukuu wa darasa la tatu. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu vifundoni. Mwanafunzi wa uafisa tabibu akaona uvimbe, akafikiria moyo, akaandika kwamba dawa ya kukojoza iongezwe. Mwanafunzi wa uuguzi akaona kidonda kwenye muundi ambacho hakiponi, akaandika namna ya kukisafisha na kukifunga. Yule wa famasia akaomba kuona dawa. Bibi akatoa kifuko cha plastiki kutoka chini ya mto, kikamwagwa mkekani: nifedipini ya presha, furosemidi ambayo ndiyo ya kukojoza, na diklofenaki iliyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya magoti. Furosemidi alikuwa anakunywa moja asubuhi na moja usiku, wakati wa kulala. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii hakuwa na kifaa chochote cha kupimia, kwa hiyo alikwenda jikoni akasaidia kumenya mihogo. Huko jikoni akaambiwa ambayo sisi wengine hatukuambiwa: choo kiko nyuma kabisa, kupita mwembe na mikorosho miwili, bibi ameanguka mara mbili usiku akienda huko gizani, na siku hizi ikishafika adhuhuri hanywi tena maji.

Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kwa kipande chake kila mmoja alikuwa sahihi. Kama ningewaachia waende wakaandike ripoti, ningepokea ripoti nne nzuri na bibi angeendelea kuanguka.

Siku hiyo gari lilichelewa, basi nikawakalisha chini ya mwembe nikawaambia wafunge madaftari, kila mmoja aseme alichokiona kwa zamu. Wa ustawi akaanza. Wa uuguzi akafuata. Wa famasia alikuwa hajamaliza kutaja dawa, nikamwona wa uafisa tabibu anatazama chini. Kisha akasema polepole, kama mtu anayehesabu: nifedipini inaweza kuvimbisha miguu bila moyo kuwa na tatizo. Uvimbe ukaleta furosemidi. Furosemidi ya usiku ikamwamsha bibi kwenda choo cha mbali. Giza likamwangusha. Kuanguka kukaleta kidonda. Na mimi, akasema, nilikuwa naandika furosemidi iongezwe. Wa famasia akamaliza: uvimbe wa nifedipini hausikii sana dawa ya kukojoza, na ile diklofenaki inazuia maji mwilini, inapandisha presha na kuumiza figo, hasa za mtu asiyekunywa maji.

Hakuna aliyewafundisha hilo siku hiyo. Nilikuwa nimekaa pale pale na hata mimi sikuwa nimeunganisha mnyororo wote.

Ndiyo maana nakuambia, mwalimu, tatizo la mwaka jana halikuwa kule nyumbani kwa bibi. Mlikosa mwembe. Kwenye ziara mwanafunzi anakusanya. Kwenye kikao ndipo anapojifunza, kwa sababu ndipo analazimika kuona kwamba alichokiandika hakitoshi bila alichokiona mwenzake. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya aina hii, na maelezo yake ni mafupi: wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi wanajifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao, na pamoja na wenzao. Wako walikuwa pamoja. "Kutoka kwa" haikuwepo.

Kuanzia siku ile nina swali moja la kupima mwanafunzi aliyetoka kwa mzee, na ningependa ulichukue: umebadilisha nini katika mpango wako kwa sababu ya ulichosikia kwa mwenzako? Akijibu "sikubadilisha kitu", kikao hakijaisha, warudi wakae. Weka alama nyingi hapo kuliko kwenye fomu iliyojazwa vizuri. Wanafunzi ni werevu, watakimbilia penye alama.

Mkuu wako akiuliza kwa nini usumbufu wote huu kwa wazee na si kwa wagonjwa wengine, mweleze hivi. Kijana mwenye malaria anahitaji mtu mmoja anayejua kazi yake. Mzee huja na magonjwa matatu, dawa tano, magoti, macho, upweke na choo cha mbali, na vyote vinasukumana. Elimu hii ya kutibu wazee yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, London, daktari mwanamke aliyeitwa Marjory Warren alikabidhiwa wodi zenye zaidi ya wagonjwa 700, wengi wao wazee waliokuwa wamelazwa tu wakisubiri siku zao. Akawapima mmoja mmoja, akawapanga upya, akafanya kazi na wauguzi, watu wa mazoezi ya viungo na watu wa ustawi. Wengi waliinuka vitandani, na wapo waliorudi makwao. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 29 zenye wagonjwa 13,766: wazee waliopimwa na kupangiwa matibabu na timu wakiwa hospitalini walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuwa nyumbani kwao miezi kadhaa baadaye. Zile ni hospitali za nchi tajiri, sikufichi. Lakini mnyororo wa nifedipini na choo cha mbali haujali utajiri wa nchi.

Sasa tuingie kwenye kurekebisha.

Watano ni wengi. Makoti meupe matano yakiingia uwanja mmoja, majirani wanakuja kuuliza kama kuna msiba au kuna mgawo. Wapeleke watatu, na wawili waliobaki waende ziara ya pili. Timu ni ile ile, kikao wanakaa wote watano. Makoti yabaki chuoni. Wakifika, shikamoo kwanza, viatu pembeni, wakae chini kuliko alipokaa mzee au sawa naye. Mmoja anazungumza na mzee, mmoja anasikiliza na kuandika, mmoja anazunguka nyumba kwa ruhusa: jiko, njia ya choo, anapolala, ndoo za maji. Na hizi kazi zisifuate kada. Mpe wa famasia kazi ya kutembea na mzee mpaka chooni na kurudi. Mpe wa uafisa tabibu jiko. Atakuwa mtabibu miaka thelathini. Asubuhi moja ya kumenya mihogo haitampotezea kitu.

Fomu iwe moja, ukurasa mmoja, inayokaa na timu. Wamarekani wana utaratibu walioanza nao mwaka 2017 katika hospitali zao zinazojali wazee, wa kuangalia mambo manne: kinachomhusu mzee mwenyewe, dawa zake, akili na moyo wake, na mwendo wake. Nimeutumia na unafaa. Kwa mazingira yetu ongeza macho na masikio, chakula na maji, na yule anayemhudumia, maana mara nyingi anayemhudumia naye ni mzee au ni mtoto.

La kwanza kati ya hayo manne ndilo wanafunzi wanaloliruka, na ndilo linalobeba mengine yote. Yule bibi tulimwuliza anataka nini. Nilidhani atasema magoti yapone. Akasema, "Nataka niweze kwenda misibani. Nisipokwenda kwa wenzangu, nani atakuja kwangu?" Wewe ni mtu wa huku, huhitaji nikueleze uzito wa maneno hayo. Lakini tazama yanavyogeuza mpango mzima. Kwenda msibani ni kutembea umbali fulani kwenye mchanga, kukaa mkekani saa nyingi na wanawake wenzako, kuinuka tena bila kushikwa, na kukaa bila kukimbilia choo kila mara. Hapo dawa ya kukojoza inakuwa na maana nyingine, mazoezi yanakuwa na maana, hata kidonda.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kumpima mzee kwa kumwambia ainuke kitini mara tano bila kutumia mikono, na akipitisha sekunde 14 achunguzwe zaidi. Kipimo kizuri. Ila nyumba nyingi mtakazokwenda zina kiti kimoja, na ni cha mgeni. Bibi yako anakaa mkekani, kwenye kigoda au barazani. Basi pimeni kitini kama mnataka namba, halafu mwombeni ainuke mkekani na mtazame anavyofanya: anashika nini, anageuka upande gani, anaogopa wapi. Kwa bibi yetu, mazoezi yakawa kuinuka mkekani mara chache asubuhi na jioni mjukuu akihesabu. Na mkongojo. Hapa kuna jambo dogo ambalo wauguzi wengi hatufundishwi: mkongojo uwe na urefu wa kufikia mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia, na ushikwe mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma. Fundi wa kijiji anakata dakika tano.

Kuhusu akili, niruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapa wazee wetu wanaumizwa sana. Usiruhusu mwanafunzi kumpa mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu karatasi achore saa, kisha aandike kwamba ana tatizo la kumbukumbu. Kuna kipimo kilichotengenezwa hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, kwa ajili ya watu ambao hawakusoma, kinaitwa IDEA. Ndani yake kuna kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, na kutaja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Utafiti wa huko Hai uliotolewa mwaka 2013 ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa hiyo upo, ni ugonjwa, na hauna uhusiano wowote na uchawi. Huko vijijini mwanafunzi atasikia kwamba bibi fulani anazungumza peke yake usiku kwa sababu ni mchawi. Afisa ustawi wa kesho lazima ajue la kujibu, na muuguzi amsaidie kulijibu.

Kisha wafundishe kutofautisha kusahau kwa miaka na kuchanganyikiwa kwa siku mbili. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo hajui yuko wapi, au amelala tu haamki vizuri, huyo ni wa dharura. Inaweza kuwa nimonia bila homa yoyote, maana mwili wa mzee wakati mwingine haupandishi joto. Inaweza kuwa sukari imeshuka, hasa kama anatumia glibenklamaidi, dawa ya kisukari, na hali chakula vizuri. Inaweza kuwa mkojo umeziba. Inaweza kuwa dawa ya mafua aliyonunua dukani. Mwanafunzi anayetambua hili mara moja katika mwaka wake wa fildi amelipa gharama zote za gari.

Lugha. Wanafunzi wako wanatoka Kagera, Mbeya, Tanga. Wazee wengi wa uwandani wanaongea Kimakonde kwa raha kuliko Kiswahili. Mjukuu wa miaka tisa hawezi kutafsiri swali la kujikojolea, na bibi hatalijibu mbele yake. Mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii akupatie mama mtu mzima wa pale pale. Na mzee asiyesikia asipigiwe kelele. Kaa mbele yake uso ukiwa kwenye mwanga, punguza kasi, sauti iwe nzito. Kwanza kabisa tazama sikio: nta iliyoziba imewafanya wazee wengi waitwe viziwi.

Jambo lingine litakalowachanganya wageni ni nani anayeamua. Mwanafunzi aliyekulia kwenye ukoo wa baba anamtafuta mtoto wa kiume, anamweleza yote, anaridhika. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili wanafuata ukoo wa mama. Mara nyingi neno zito liko kwa mjomba, au kwa watoto wa dada, au kwa binti anayekaa nyumba ya tatu. Njia rahisi ni kumwuliza mzee mwenyewe: "Tukiwa na jambo la kuzungumza, ungependa nani awepo?" Jibu hilo liandikwe juu kabisa ya fomu.

Chagueni miezi. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, watu wako mashambani na wazee nao wanaokota; utakuta nyumba imefungwa au mzee yuko peke yake na mtoto mchanga. Kuanzia Desemba mvua zikikolea, barabara zenyewe unazijua. Katikati ya mwaka ni afadhali. Na mwende nyumba ile ile mara tatu, mkipisha wiki mbili au tatu. Hili ndilo ningelipigania kwa mkuu wako kuliko yote: punguza idadi ya nyumba, ongeza idadi ya kurudi. Ziara ya kwanza mzee anawajibu kwa heshima. Ya pili anawaambia ukweli. Ya tatu wanafunzi wanaona kama walichopanga kilifanya kazi, na hapo ndipo wengi wao wanapata aibu ya kufaa.

Wasiahidi. Wazee wataomba miwani, dawa, shuka. Sheria yangu kwa timu ni kwamba kila ziara wanaondoka na jambo moja tu la kutekeleza kabla ya kurudi, na wanalitekeleza. Mwanafunzi wa ustawi ana kazi kubwa hapa: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa gharama za matibabu. Lakini kitambulisho ni lazima kipatikane, mtendaji afuatwe, mzee afike kwenye dirisha la wazee na asirudishwe. Kumfuatilia mzee mmoja mpaka apate kitambulisho kunafundisha timu nzima kwa nini dawa zilizoandikwa hazikuchukuliwa.

Na dawa zisibadilishwe na wanafunzi. Sisi tulipeleka hoja yetu kwa mtabibu wa kituo cha afya, kwa heshima, kikaratasi kimoja chenye majina ya wote wanne. Yeye ndiye aliyebadilisha dawa ya presha, akaondoa ile ya kukojoza huku akimwita bibi kupimwa kila wiki, akaiondoa diklofenaki akaweka parasetamoli. Kabla ya hapo tulikuwa tumempima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi anaposimama, una sababu nyingine ya kuanguka mkononi mwako, na dakika tano zilizotumika kuipata hazikuhitaji umeme.

Kikao chenyewe kina kanuni mbili ambazo sizilegezi. Kwanza, mwenyekiti ni wa zamu, na siku ya kwanza asiwe wa uafisa tabibu. Pili, wa uafisa tabibu azungumze mwisho. Simdharau, nimefanya kazi na matabibu hodari maisha yangu yote. Ila jina la ugonjwa likishatamkwa, wengine wote wanafunga midomo na kutikisa kichwa. Akizungumza mwisho anakuwa na vipande vyote mkononi, na anatamka kitu bora zaidi. Nusu saa inatosha, hapo hapo kijijini, kabla hamjapanda gari. Mkisema mtakaa jioni chuoni, hamtakaa.

Kuna jambo moja linalohusu wewe na wenzako. Wakufunzi wenyewe hukaa pamoja? Niliwahi kuona mkufunzi wa kada moja akimkosoa mwanafunzi wa kada nyingine mbele ya mzee, na mkufunzi wa pili akanuna njia nzima. Wanafunzi waliona. Siku hiyo walijifunza kwa nguvu kuliko somo lolote tulilowapa kwamba timu ni maneno ya kwenye mtaala. Kabla ya fildi kaeni wakufunzi watano na mzee mmoja wa kweli, mfanye kikao ninyi wenyewe, na mjiulize lile swali la mmebadilisha nini.

Sasa mwanafunzi wa maabara, uliyesema alikaa tu. Yeye ndiye atakayeifanya timu yako ikamilike, nami nitakupa kazi yake kwa mfano wa bibi yule yule.

Tulitaka kujua hali ya figo zake. Jibu la kreatinini, yaani taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, likarudi likiwa ndani ya kiwango cha kawaida, na sote tukafurahi. Mwanafunzi wa maabara, ambaye alijiunga nasi kwenye ziara ya pili, ndiye aliyetuzuia. Alisema kreatinini inatoka kwenye misuli, na bibi huyu hana misuli. Mtu mwembamba wa umri huu anaweza kuwa na figo zilizochoka na namba bado ikaonekana nzuri. Kuna hesabu ya tangu mwaka 1976, ya Cockcroft na Gault, inayorekebisha hilo. Inahitaji vitu vinne: kreatinini, uzito, umri, na kama mgonjwa ni mwanamke au mwanamume. Wa maabara alikuwa na kreatinini. Wa uuguzi alikuwa na uzito. Wa famasia ndiye aliyejua kupiga hesabu na kusema dawa ipi ipunguzwe. Wa uafisa tabibu alisubiri jibu ili aandike hoja ya kumpelekea mtabibu.

Umri hatukuwa nao. Kwenye kadi palikuwa na 65, kwenye fomu nyingine 80, na bibi akiulizwa anasema "mingi." Aliyeupata ni yule wa ustawi wa jamii, kule jikoni, kwa kumwuliza anakumbuka nini. Bibi alikumbuka mashine zikifyeka misitu ya Nachingwea kwa ajili ya karanga za Waingereza, naye akiwa msichana mdogo anayetumwa maji na dada zake. Mpango ule ulianza 1947 ukafa 1951. Uhuru ulimkuta ana mtoto mgongoni. Tukahesabu, tukapata umri ambao tungeweza kuutetea, hesabu ikapigwa, na figo zilikuwa zimechoka kuliko namba ya kwanza ilivyosema. Diklofenaki isingerudi tena kwenye kile kifuko.

Kwa hiyo umri waulize, mwalimu, kwa sababu unahitajika kweli. Uulizwe mara moja, na mtu mmoja mwenye muda, kwa matukio ambayo wazee wa huku wanayakumbuka: karanga, Uhuru, vita ya ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji, kuhamia vijijini, vita ya Kagera. Kisha majibu ya vipimo yakitoka, yule wa maabara ayabebe mwenyewe mpaka nyumbani, akae mkekani na amweleze bibi kwa Kiswahili chepesi damu yake ilisema nini. Wazee wetu wametolewa damu mara nyingi sana bila mtu kurudi.